Macho ya Charo na Kamba wa Chumvi

Nyinyi mliobaki kwenye matangi ya vifaranga wa samaki mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Mimi nimestaafu juzi tu, sina la kufanya ila kumkera mke wangu jikoni, basi naandika. Shule nilifika darasa la pili, na la pili lenyewe sikulimaliza kwa sababu mbuzi wa baba walikuwa wengi kuliko wanawe. Kwa hiyo mkiona nimechepuka njiani nisubirini, nitarudi. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikuvipata, na mshahara wangu haukuwa na hadithi. Nitawaandikia habari za kamba wadogo wa chumvi na macho yao, na jinsi habari hizo zilivyoingia nyumbani kwa rafiki yangu Charo wakati mkewe alipokuwa karibu kurudishwa kwao na mtoto mgongoni.

Nilianza kazi Marereni mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye mabwawa ya chumvi. Aliyenipokea ni huyo Charo, mlinda milango. Msifikirie milango ya nyumba. Ni mbao zinazozuia maji kati ya bwawa na bwawa. Maji ya bahari huingia bwawa la kwanza, jua likayala, yakapelekwa la pili, jua likayala tena, hivyo hivyo mpaka bwawa la mwisho ambako hayabaki maji, pamebaki weupe mtupu. Mlinda milango ndiye anayejua ni wakati gani wa kuyaachia. Charo alijua kwa ulimi.

"Onja," akaniambia siku ya kwanza.

"Nionje maji haya?"

"Wataka nikuonjee mimi, halafu nikusimulie?"

Nikaonja, nikatema. Akanipeleka bwawa la pili, nikatema. Tulipofika la nne ulimi ulikuwa umekufa, naye akacheka mpaka akashika magoti. "Sasa umeshaajiriwa," akasema. Ofisini walikuwa na chupa ya kioo ya kupimia ukali wa maji, inaelea na ina namba, lakini ilikuwa imevunjika kabla sijafika, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kununua nyingine maadamu Charo yupo.

Lazima niwaeleze habari ya macho ya chumvi, maana nyinyi mmefanya kazi chini ya paa. Chumvi ikishaiva ni kama bati jipya lililolazwa chini. Jua linakupiga kutoka juu, kisha linakupiga tena kutoka chini, na kofia ya ukindu haizuii la chini. Wanawake waliokuwa wakivuta chumvi kwa reki walijipaka masizi ya sufuria chini ya macho. Wanaume tuliona haya kujipaka, tukakunja nyuso. Baada ya muda uso ulikunjika wenyewe, ukabaki hivyo hata ukiwa umelala. Nikienda Malindi kununua shati, mwenye duka ananiambia, "Karibu, mtu wa Marereni," kabla sijafungua mdomo. Sote tulikuwa hivyo. Ukimkuta mtu Marereni amefumbua macho wazi adhuhuri, ujue ni mgeni au ni mkaguzi.

Basi katikati ya miaka hiyo akaja mgeni aliyefumbua macho. Alikuwa Daktari Nekesa, mtu wa bara, wa magharibi kule, mwembamba, anasema Kiswahili kama anayesoma tangazo. Alikuja na makopo yake na darubini ndani ya sanduku la mbao, ofisi ikampa stoo ya zamani ya pampu. Akaomba mtu wa kumsaidia. Msimamizi akanipa mimi, si kwa ustadi wowote. Nilikuwa na mdomo mrefu, naye alitaka kupumzika.

"Shikamoo, Daktari," nikamwambia, ingawa pengine tulikuwa rika moja. Cheo nacho kina umri wake.

"Marahaba. Unajua hiki ni nini?" Akafungua kopo.

"Vumbi."

"Ni mayai. Yatie kwenye maji ya chumvi uyasubiri."

Nikayatia, kimoyomoyo nikimhurumia mama wa watu. Kesho yake mtungi wa kioo ulikuwa umejaa vitu vinavyorukaruka, vidogo kuliko chawa. Hao ndio kamba wa chumvi, ambao nyinyi leo mnawalisha vifaranga wa samaki bila hata kuwasalimu. Yai lake likikauka hukaa kwenye kopo hata miaka, ukilitia maji linakumbuka kazi yake. Daktari alinifundisha kuwakusanya. Funika mtungi kwa gunia, acha tundu dogo upande mmoja, weka taa mbele ya tundu. Wote watakuja kwenye mwanga wenyewe, uwanyonye kwa mpira wa maji. Kazi hiyo nimeifanya mpaka nastaafu, na sikuwahi kuona njia bora zaidi.

Akanikalisha kwenye darubini. Kwanza niliona kope zangu mwenyewe, nikadhani ndio mnyama. Nilipozoea nikamwona mmoja, ana jicho moja tu, jekundu, katikati ya kipaji.

"Hawa wamepunjwa, Daktari."

"Subiri wakue."

Tukasubiri. Siku zikapita, wakaanza kuota vijiti viwili vichwani, kushoto na kulia, na mwisho wa kila kijiti jicho jeusi lenye vipande vipande kama la nzi. Lile la katikati nalo bado lipo.

"Sasa wamezidishiwa," nikasema.

Hapo akacheka kwa mara ya kwanza, akavuta kigoda. Akaniuliza swali ambalo ndilo lililomleta Marereni: "Nani anaiambia nyama hii iwe jicho, na ile nyingine iwe mguu?"

Nikasema Mungu. Akasema sawa, lakini Mungu ametumia karani gani? Ndiyo nikasikia neno jeni. Alinieleza kwamba ndani ya kila mnyama kuna amri ndogondogo alizopewa na baba na mama, nusu kwa nusu, na mojawapo, au kikundi chake, ndiyo inayosema: hapa pawe na jicho. Vitabu vyake vilisema wanyama wamejipatia macho mara nyingi tofauti, pweza kivyake, nzi kivyake, sisi kivyetu, hakuna aliyemwigiza mwenzake. Yeye hakuwa na hakika. Alishuku kwamba zamani sana palikuwa na mnyama mmoja duni mwenye doa tu linalojua huu mwanga na hili giza, na sote tumerithi amri yake, kila mmoja akaijengea nyumba ya namna yake.

Siku moja nilinunua pweza Malindi, nikampeleka kazini tumpike mchana. Daktari akamtoa macho kabla hajaingia sufuriani. Akalipasua jicho la pweza na la samaki aina ya changu kwenye sahani moja, akanionyesha: kioo hiki hapa na hiki hapa, pazia la nyuma hili na hili, ila nyaya za samaki zimepita mbele ya pazia na za pweza nyuma. "Mafundi wawili, au fundi mmoja mwenye wanafunzi wawili?" akaniuliza. Pweza mwenyewe alikuwa mgumu kidogo, tulimla hivyo hivyo.

Nimechepuka. Kati ya kamba wake walitokea wachache ambao macho ya pembeni hayakutoka vizuri. Wengine yalikuwa vidoa, wengine upande mmoja haukutoka kabisa. Mimi ningewamwaga. Daktari aliwatenga kama mayai ya tausi. Akachukua dume mwenye macho mabovu, akamtia mtungi mmoja na jike mzima. Dume wa kamba huyu humshika jike kwa pembe zake akaogelea naye siku nzima bila kumwachia, wanawake wa reki wakija kutazama walisema mambo ambayo sitayaandika. Watoto walipozaliwa, wengine wazima, wengine wana macho ya baba yao. Akabadilisha, jike mbovu na dume mzima. Ikawa vivyo hivyo.

"Kasoro inatoka kwa mzazi yeyote," akasema. "Na wazazi wenyewe hawafanani ubovu. Mmoja anayo kidogo, mtoto wake anayo sana."

Sasa Charo. Alikuwa ameoa Kadzo, msichana wa Mariakani, mcheshi, mwenye mkono mzito kwenye reki. Alipopata mimba aliendelea kuvuta chumvi. Mama yake Charo, Hawe Sidi, yaani Bibi Sidi, alikuja kutoka Junju kumtembelea, akamkuta bwawani na tumbo lake, akamwambia atoke, jua la chumvi litampika mtoto. Kadzo akasema, "Ndiyo, mama," na kesho yake akarudi kwenye reki. Mtoto akazaliwa, wa kike, wa kwanza, na kwetu Wagiriama mtoto huyo huitwa jina la mama wa baba. Akaitwa Sidi.

Miezi michache baadaye ikaonekana Sidi mdogo hawezi mwanga. Ukimtoa nje analia na kuficha uso kifuani. Macho yake yalikuwa meusi kote, yakitetemeka huku na huku kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Hawe Sidi akasema alionya. Akasema mwanamke aliyemchoma mtoto tumboni atamchoma na wa pili. Kadzo arudi kwao na mtoto wake, na mtoto mwenyewe atafutiwe jina jingine huko huko. Ukapelekwa ujumbe Mariakani, kaka zake waje kumchukua Junju kwa bibi, mahindi yakishavunwa. Na sisi wa Marereni, nisiwafiche, tulimwamini bibi. Kila mmoja wetu alijua chumvi ilichofanya macho yake. Tuliona haya tu kusema mbele ya Kadzo.

Kadzo akamleta mtoto stoo. "Daktari, nitibie."

"Mama, mimi si daktari wa watu. Ni daktari wa hawa." Akaonyesha mitungi.

"Si macho unayotazama kutwa? Basi tazama na haya."

Daktari akachukua tochi na kioo cha mkononi. Alitazama muda mrefu. Akatuonyesha kwa macho yangu mimi: katikati ya jicho pana tundu jeusi, na kulizunguka pana mduara wa kahawia. Ukiwa juani mduara hulibana tundu, kivulini huliachia. Macho yetu ni meusi, mduara huuoni vizuri mpaka usogee karibu na mwanga. Sidi hakuwa nao. Tundu lilikuwa wazi moja kwa moja. Akawaandikia waende hospitali, na hospitalini wakaambiwa jambo lile lile, kwamba amezaliwa hivyo, si kuungua, na wakaulizwa ni nani mwingine katika ukoo mwenye macho hayo. Kadzo akasema kwao hakuna. Charo naye akasema kwao hakuna.

Hapa nichepuke mara ya mwisho. Juzijuzi kijana mmoja wenu alinisomea kwamba miaka ya tisini wasomi walichukua amri ya jicho ya panya wakaitia kwenye nzi, na nzi akaota jicho mguuni. Jicho la nzi, si la panya. Amri moja, nyumba mbili. Na kwamba kwa binadamu amri hiyo hiyo ikiwa na kasoro, mtoto huzaliwa bila ule mduara. Kijana alishangaa kwamba sikushangaa. Lakini wakati ule Daktari hakuwa na habari hizi. Alikuwa na mitungi tu, na mashaka.

Siku moja baada ya hiyo safari ya hospitali, Charo alikuja stoo kuniletea funguo za kufuli la mlango wa tatu. Taa ilikuwa inawaka mbele ya mtungi, nakusanya kamba wachanga. Aliingia, akageuza uso ukutani kama aliyepigwa kofi.

"Zima hiyo, Karisa."

"Ni taa ndogo, bwana. Hata mbu haimsumbui."

Daktari akainua kichwa kutoka kwenye darubini. "Charo, njoo nikuone."

"Mimi ni macho ya chumvi tu, Daktari. Sote tunayo."

"Njoo."

Akakaa. Daktari akamshika kidevu, akasogeza tochi, machozi yakamtoka Charo papo hapo. Jicho la kushoto lilikuwa na mduara mwembamba kama uzi. La kulia lilikuwa na nusu, upande wa chini hakuna kitu. Daktari akazima tochi.

"Ulianza lini kusumbuliwa na jua?"

"Tangu nianze hapa."

"Kabla ya hapo?"

Akafikiri. Nilimjua Charo kwa maneno mengi, siku hiyo yalimtoka moja moja. "Kabla ya hapo," akasema, "nilidhani jua liko hivyo kwa kila mtu."

Ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumemficha Charo miaka yote bila kujua. Kijiji kingine chochote kingemwona. Akaja kufanya kazi mahali ambapo kila mtu amekunja uso, akawa mmoja wetu.

"Sasa utasema?" nikamuuliza tulipotoka.

"Niseme nini? Nikisema ni mimi, nimemwambia mama kwamba ni yeye. Au ni baba, na baba yuko kaburini, hawezi kujitetea."

"Na Kadzo?"

Alivuta kofia usoni, akaenda kwenye milango yake.

Mahindi yakavunwa. Nilikwenda Junju pamoja naye, maana kikao cha namna hiyo mtu huenda na rafiki. Mmoja wa kaka zake Kadzo alikuwa amefika, anaitwa Ngala, utingo wa malori Mariakani, kifua mbele, sauti ya kuongoza lori linalorudi kinyumenyume. Tulikaa chini ya upenu wa nyumba, uwanja mweupe mbele yetu unawaka. Kadzo alikaa na mabinti wa nyumba, mtoto kamfunika kwa kanga, furushi lake tayari limefungwa.

"Mimi nimekuja kuchukua mtu wetu," Ngala akaanza. "Tulimtoa mzima, leo namkuta na kesi ya jua. Jua nalo ni letu wa Mariakani?"

Watu wakacheka. Hawe Sidi hakucheka.

"Jua si la mtu," akasema. "Lakini nilimwambia usisimame kwenye chumvi na tumbo. Akasema ndiyo mama, akasimama. Mtoto akapikika."

"Na reki alimpa nani? Si mwanao?"

"Mwanangu alimpa reki, hakumpa ukaidi. Huo alikuja nao."

"Eh! Kumbe tulimfungia na ukaidi," Ngala akasema. "Basi tunarudi na vyote."

Kadzo alikuwa ameanza kuinuka na furushi. Nilimtazama Charo. Alikuwa amekaa ndani kabisa ya kivuli, mgongo ukutani, anachora chini kwa kidole. Nikasema moyoni, huyu hatasema. Halafu akasimama, akatoka uwanjani mpaka katikati, akavua kofia, akaitupa chini.

"Njooni mnitazame macho."

"Mwanangu, umelewa?" mama yake akauliza.

"Sijalewa, mama. Shemeji, njoo usimame nami hapa. Inua uso."

Ngala akatoka, kwa kupenda mchezo zaidi kuliko kwa kuelewa. Wakasimama bega kwa bega, nyuso juu. Charo akawaambia watu waje karibu, walitazame lile tundu la katikati, la Ngala kisha lake. Shangazi yake mmoja ndiye aliyetangulia. Akamtazama Ngala, akamtazama Charo, akarudi kwa Ngala.

"Haya! Huyu mlango wake umefungwa mpaka umebaki ufa. Huyu wetu hana hata mlango."

Wengine wakaja, wakazunguka, wakaitana. Machozi yalikuwa yanamteremka Charo mpaka shingoni, naye hakuyafuta wala hakufumba. Hawe Sidi peke yake alibaki upenuni.

"Ni chumvi hiyo," akasema. "Imekuunguza na wewe."

"Mama. Nilipokuwa nachunga mbuzi wa baba, chumvi ilikuwa wapi?"

Bibi akakaza leso kiunoni.

"Nani alinifunga kitambaa kichwani kikanifunika mpaka puani, nikawa nafuata mbuzi kwa kengele? Ukaniambia kila mtoto hulia juani, nitazoea. Nikazoea. Macho haya ya mtoto ni yangu mimi. Kadzo hakuyaleta."

Nimeona watu wengi wakisema ukweli kwa kelele. Huyu aliusema kama anayetaja ukali wa maji bwawani. Ngala alikuwa ameshashusha uso, anafuta macho yake.

Hawe Sidi akatoka kivulini taratibu. Akafika kwa mwanawe, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akalitazama la kushoto, akalitazama la kulia. Sijui aliona nini, au aliona macho ya nani. Akamwachia. Akapita mpaka kwa Kadzo, akamchukua mtoto, akamfunika vizuri zaidi kwa leso aliyoifungua kiunoni, maana upepo ulikuwa umefunua kanga.

"Mbona mmemweka mtoto karibu na jua hivi," akasema kwa hasira, kama vile ni sisi. Kisha kwa Ngala, bila kumtazama: "Keti. Kuku ameshachinjwa, huwezi kuondoka na njaa."

Akaingia ndani na mtoto. Mabinti wakakimbilia jikoni, watu wakarudi upenuni, kila mmoja anasema lake, mmoja anamtazama mwenzake macho kwa zamu. Charo alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja, uso juu, maana hakuna aliyemwambia kwamba imekwisha. Kadzo akaweka furushi chini. Akamfuata, akamshika mkono.

"Twende ndani, baba Sidi," akamwambia. "Wameshaona."